Kiti cha Mbele cha Kayaki Nyekundu

Plastiki nzito ikishika moto hainuki takataka kama mnavyodhani. Inanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, ule moshi mwembamba wa mwisho, na ukiuvuta una utamu fulani unaobaki nyuma ya koo. Wiki jana nilikuwa naanua nguo, harufu hiyo ikanijia kutoka nyuma ya nyumba, nikaangusha shuka mchangani. Nilikimbia. Mimi, mwanamke mzima, nilikimbia bila viatu kama nina miaka tisa na nimefanya kosa.

Nyuma ya nyumba alikuwepo baba yangu, amechuchumaa kando ya jiko la makaa, ameshika kijiko cha chuma kilichopashwa moto, mpini amezungushia kitambaa. Mbele yake ile kayaki, imepinduliwa tumbo juu. Na upande wa pili, amepiga magoti, pua karibu iguse kazi, alikuwa Saumu, binti yangu wa miaka saba, ameshika kwa koleo ukanda wa plastiki ya njano. Baba anamwambia, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe:

"Polepole, mama. Usiulazimishe. Ngoja ing'ae kama imelowa, ndipo uulaze. Haya. Hivyo hivyo. Umeuona mkono wako ulivyo hodari?"

Nitasema wazi, kwa sababu wengi wa rika langu mambo haya tunayafunga kwenye pindo la leso na kujifanya hatunayo. Nilimwonea wivu mwanangu. Si wivu wa kuchekea. Ule wa kutamani kumvuta mtoto mkono na kumwambia nenda kacheze huko. Na baada ya wivu ikaja hasira, kwa maana mimi hivyo viwili havijapata kuachana.

Nimerudi kwetu Kinondo mwaka huu na mtoto na masanduku mawili. Sababu ya kurudi haiwahusu. Nimeitaja tu ili mjue kwamba nipo nyumbani mchana kutwa, na kwamba kila siku naona baba anavyomlea Saumu, na kila siku nauliza moyoni, huyu mwanamume alikuwa wapi mimi nilipokuwa na miaka hiyo.

Najua alikokuwa. Alikuwa na kayaki.

Ilikuja kwetu nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya ufukoni huko Galu, ya mzee mmoja wa kizungu aliyekuwa akikimbilia kwetu kila kwao kukiwa na baridi. Mzee alipochoka na safari alifunga nyumba, akamwachia baba vitu vitatu: panga zuri, redio isiyoshika stesheni yoyote, na kayaki ya viti viwili. Ilikuwa nyekundu, ndefu kuliko chumba chetu cha kulala, na chini imejaa mikwaruzo ya matumbawe. Waliileta wanaume watano begani, watoto wote wa mtaa nyuma, wakaitua chini ya miti ya mivinje karibu na ufuko, na papo hapo ubishi ukaanza imetengenezwa na nini. Kwetu chombo ni mbao. Kisichokuwa mbao kina maswali.

"Faiba hiyo," alisema mmoja. "Boti zote za mahoteli ni faiba."

"Faiba gani? Huo mtungi tu, umelazwa."

Baba akatoa kisu, akakwangua kidogo chini kabisa, mahali pasipoonekana. Kikatoka kinyweleo chekundu kimejikunja. "Faiba ingetoa unga mweupe kama chokaa," alisema. "Hii imetoa unyoya. Ni plastiki." Alikuwa amefundishwa na yule mzee, na aliyasema kama mtu anayesomewa cheti chake mbele ya wakwe.

Jirani yetu Mzee Bakari, aliyekuwa na ngalawa kongwe kuliko zote pale, aliizunguka kayaki mara mbili, mikono nyuma. "Sasa utaichoma lini?"

"Haichomwi, mzee wangu."

Hapa niwaeleze msiokulia pwani. Chombo cha mbao kina wadudu wa maji wanaokitoboa kimyakimya mpaka kikawa chujio. Basi kila bamvua, maji yakitoka mbali, Mzee Bakari aliegemeza ngalawa yake ufukoni, sisi watoto tukamletea makuti makavu, akayawasha na kuyapitisha chini ya chombo upesi upesi kama mtu anayepiga pasi. Wadudu wakafa, kisha akapaka sifa, mafuta ya papa yanayonuka hadi kesho kutwa. Lakini kabla ya yote hayo, ndoo ya maji. Hakuwahi kugusa kiberiti kabla ndoo haijajaa na kuwekwa miguuni pake. Ukimletea makuti bila maji alikurudisha mbio. "Maji kwanza, shetani we! Unataka kunipikia chombo?" Kila mtoto wa pale alilijua hilo kama anavyojua kunawa kabla ya kula.

"Usipoichoma," Mzee Bakari alimwambia baba, "wadudu wataila yote, utabaki na viti."

"Wadudu gani watakula plastiki, mzee?"

"Wa siku hizi hawachagui."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliyaweka yale maneno.

Mama ndiye wa kwanza kuona mambo yanakoelekea. Alisimama mlangoni, akaitazama kayaki juu hadi chini, akasema, "Nimeletewa mke mwenza. Mrefu, mwekundu, na hana hata mdomo nikagombana naye." Na kweli. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, mtu wa kuingia nyumbani na kukaa. Kayaki ilipokuja aliinuka. Kila jioni, ikitoka baharini, ilikuwa lazima ioshwe kwa maji ya kisima, kwa kuwa chumvi ikikauka inakula vyuma vya usukani na kukausha mipira ya vifuniko. Maji hayo nilichota mimi. Ndoo mbili, wakati mwingine tatu, kutoka kisima cha kule juu karibu na barabara, maana cha karibu kilikuwa na uchumvichumvi na baba alikikataa. Sisi tulioga cha uchumvichumvi. Kayaki iliogeshwa cha juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndoo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Msidhani natia chumvi.

Aliimwagia maji kuanzia mbele hadi nyuma, kiganja kikifuata maji. Alitoa mchanga kwenye matundu kwa kijiti. Akaifuta kwa kanga kuukuu ya mama. Kisha akailaza kwenye mikanda miwili ya mpira wa gari aliyoifunga baina ya mivinje, kwa sababu, alisema, ikiachwa juu ya gogo tumbo lake litabonyea. Nilipoona inaning'inia pale, inayumba kidogo kwa upepo, nilifikiri amemfungia bembea. Na jua likihama, anaihamisha. Plastiki ikipigwa na jua miaka mingi inakauka na kupasuka kama ukucha, leo najua. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba mimi nachomwa na jua njiani na ndoo kichwani, na yeye anahamishiwa kivuli.

Siku moja ilibonyea kweli, mgeni mnene aliikalia vibaya. Baba akachemsha maji, akamimina polepole mahali palipobonyea, akaingiza mkono ndani na kusukuma kwa nje kwa vidole, taratibu, huku anaisemesha kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeona mambo hayo mara moja tu maishani, shangazi alipojifungua na bibi akawa anamkanda kitoto kwa maji ya moto. Nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja. Kukaa kiti cha mbele. Kiti cha nyuma ni cha mwenyewe, anayeongoza. Cha mbele ni cha yule anayepelekwa. Baba alikuwa ameanza kuwapeleka wageni wa mahoteli, kwa malipo, hadi kwenye fungu la mchanga linalotokea maji yakipwa, na mimi nilimwuliza kila jioni wakati namkabidhi ndoo.

"Baba, lini nitakaa mbele?"

"Kiti cha mbele ni cha wageni."

"Na wageni wasipokuja?"

"Tutaona."

Nilikijua kiti kile kuliko wote waliokikalia. Nilikitoa mchanga, nilikitoa nywele za watu. Nilikijua kimechubuka wapi. Siku baba alipokwenda Kwale mjini nilipanda nikakikalia pale pale kwenye mikanda, nikafumba macho, lakini haikuwa hivyo. Nilitaka anipeleke yeye.

Kisha wakaja wageni wenye mtoto. Msichana wa umri wangu kabisa, kimo changu, nywele za rangi ya makumbi ya nazi. Walikodi nyumba ya jirani na walitaka binti yao apelekwe majini kila asubuhi. Nilikuwa nimesimama hatua kumi, ndoo mkononi, siku ya kwanza baba alipomvisha laifu jaketi. Alivuta mkanda wa kushoto, akavuta wa kulia, kisha akampigapiga kifuani mara tatu kwa kiganja. Niliiona ile na nikaihisi kifuani kwangu, mahali hasa ambapo haikunigusa. Leo najua alikuwa anahakikisha vifungo vimekaza. Lakini nilipokuwa na miaka tisa hakuna aliyeniambia habari za vifungo. Niliona baba yangu anambembeleza mtoto wa mtu. Kisha akamnyanyua chini ya makwapa, akamketisha kiti cha mbele, akasema, "Twende, mama."

Mama. Hivyo ndivyo alivyoniita mimi nilipokuwa mdogo sana, kabla sijawa Ndoo.

Wakaondoka. Nilichoona kutoka ufukoni, na nilitazama mpaka macho yakauma, ni mdomo wa baba ukitembea nyuma ya kichwa cha yule mtoto. Ulitembea bila kukoma. Alikuwa anamwambia nini? Njia nzima hadi kwenye fungu, na njia nzima kurudi, baba yangu asiyekuwa na maneno alikuwa anazungumza. Niliamini anamsimulia hadithi. Niliamini hadithi zote ambazo hakuwahi kunisimulia alikuwa amezihifadhi, sasa anampa yeye, moja baada ya nyingine. Nilibuni hata zilivyokuwa. Jioni niliosha kile kiti nikikisugua kwa mchanga.

Ilikuwa hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Siku ya tatu yule msichana aliteremka na kombe zuri la baharini mkononi, lile la madoa ya kahawia, na akanionyesha kwa mbali huku anacheka. Pengine alitaka tucheze. Simlaumu leo. Siku ile nilitamani limgeuke kaa la moto mkononi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Adhana ilipolia wanaume wote waliondoka kwenda msikitini, baba na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, Mzee Bakari nyuma yake. Mama alikuwa dukani. Maji yalikuwa yamepwa mbali, ufuko mtupu, kayaki imelala mchangani chini ya mivinje ikingoja wageni wa alasiri. Nilichukua kiberiti jikoni. Nikakusanya makuti makavu, nikayajaza kwenye ndoo. Ndoo ile ile. Nikashuka.

Nikiulizwa nilikuwa na jibu. Jibu nilikuwa nalo kabla ya kosa: Mzee Bakari alisema ichomwe, wadudu wasiile. Nimechoma nisaidie. Nililirudia njiani kama aya ya Kurani ninayokwenda kusikilizwa na ustadhi.

Niliyasukumia makuti chini ya ubavu wa kulia, usawa wa kiti cha mbele, nikawasha. Makuti yalishika kwa mlio. Mwanzo kayaki haikufanya kitu, nikadhani baba alisema kweli, kwamba haiwezekani kuidhuru. Kisha ngozi yake nyekundu ikang'aa, ikalowa, ikaanza kulegea kama uso wa mtu anayetaka kulia. Halafu likadondoka tone. Lilidondoka likiwaka, na likalia hewani, vuuu, kama mdudu. Likaja la pili. Yakawa yanadondoka mfululizo, vuu, vuu, vuu, kila moja na moto wake, na moshi mweusi juu na ile harufu ya mshumaa chini. Mbao haifanyi hivyo. Nilikuwa nimewasha kitu nisichokijua. Niliogopa. Lakini sikukimbia kwenda kisimani, na sikuingia majini, na sikupiga kelele. Nilisimama. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu, kwamba nilisimama nikatazama, na kwamba sehemu fulani yangu ilikuwa inakula pamoja na ule moto.

Waliona moshi wakitoka msikitini. Baba alikuja mbio ameshikilia kanzu juu ya magoti, akaitupa mikono yake kwenye mchanga wa maji na kuanza kuirushia kayaki, konzi kwa konzi, mpaka moto ukafa. Tone moja lilimwangukia kiganjani likashikamana. Hakulia. Kanzu ilikuwa nyeusi kifuani. Mama akafika anatweta.

"Nani amefanya hivi?"

"Mzee Bakari alisema ichomwe," nikasema. "Nilitaka kusaidia."

Mzee Bakari akashika kichwa. "Ya Rabi! Mtoto amenisikia mimi!" Wengine wakaanza kucheka, cheko la watu walioponea. Baba hakucheka. Hakunitazama usoni. Aliitazama ndoo iliyokuwa miguuni pangu. Akaiinua, akaipindua juu chini, vikadondoka vipande viwili vya makuti, akairudisha mchangani. Kisha akasema, "Ndiyo. Alitaka kusaidia," akaenda zake kunawa.

Hakunipiga. Nilingoja siku hiyo, na kesho yake, na mwezi mzima.

Alihangaika nayo sana. Tundu lilikuwa kama sahani. Alijaribu gundi, ikabanduka. Alileta faiba kutoka kwa mafundi wa boti huko Diani, ikakauka vizuri, baada ya siku tatu ikatoka nzima kama gamba la kidonda, kwa maana plastiki hiyo haipatani na kitu kingine isipokuwa plastiki mwenzake, tena kwa moto. Mwisho alikata mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia kuwa mikanda, akaiyeyusha kwa kijiko, akaziba. Ilizibika. Lakini ubavu ulikuwa umejipinda, na kutoka siku hiyo kayaki ilivuta kulia. Wageni hawakutaka chombo chenye kiraka cha njano kinachokwenda upande. Hoteli zilileta mpya. Baba akarudi kwenye bustani za watu, na kayaki ikafunikwa makuti nyuma ya nyumba.

Na mimi? Mlidhani nilishinda? Kayaki ilikufa, na baba hakunirudia. Hata lile neno Ndoo sikulisikia tena. Niliendelea kumwamkia na yeye aliendelea kuitikia marahaba, na baada ya marahaba hapakuwa na kitu. Nilimaliza shule ya msingi hivyo, nikamaliza sekondari hivyo, nikaolewa hivyo.

Basi wiki jana. Baba ameifunua, anaziba upya kiraka kilichopasuka ili ampeleke Saumu baharini. Nimesimama nyuma ya nyumba, shuka liko mchangani kule, na Saumu anauliza, "Babu, kwa nini hapa ni njano na kwengine kote ni kwekundu?"

"Hapo," baba akasema, bila kuinua kichwa, "mama yako alikuwa mdogo kama wewe. Akataka kunisaidia, akaitia moto kama ngalawa. Hakujua."

"Mama!" Saumu akacheka. "Ulikuwa mjinga!"

Ningeweza kuacha. Miaka yote hiyo jibu langu lilikuwa limesimama peke yake bila kusukumwa na mtu. Lakini nilimwona Saumu na koleo lake, na ule mkono hodari, nikasikia mdomo wangu unasema, "Sikutaka kusaidia. Nilitaka iungue yote."

Saumu akageuka kumtazama babu yake. Baba akaulaza ukanda wa njano, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko, akaupuliza.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ndoo ilikuwa tupu." Akarudisha kijiko kwenye makaa. "Wewe uliyefundishwa kuchoma na Mzee Bakari. Ungetaka kusaidia ungekuja na maji kwanza. Na wewe ndiye ulikuwa mwenye maji siku zote."

Hasira ikanipa ulimi. Ina faida zake. "Basi kwa nini hukunipiga?"

"Ningekupiga, watu wangejua ni makusudi. Mtoto wa kike, aambiwe mtaa mzima ana roho hiyo? Nikasema ulitaka kusaidia. Nimewaambia wote hivyo mpaka leo."

"Mimi sikuhitaji kufichiwa, baba! Nilihitaji kiti!" Nilipiga kelele hadi mama akatokea dirishani. "Nilitaka kukaa pale mbele. Nilikwambia kila siku. Kila siku ya Mungu, na ndoo mkononi!"

Baba alikaa chini mchangani. Amezeeka. Kile kiganja chenye baka la tone kilikuwa wazi juu ya goti lake, nikaliona, dogo, limekaza ngozi.

"Ndiyo," alisema mwisho. "Uliniambia."

Hakuomba msamaha. Watu wa umri wake hawana neno hilo kwa watoto wao, na mimi nilikuwa nimeshachoka kulingoja. Alichofanya, alingoja kiraka kipoe, akaigeuza kayaki, akamimina maji ndani mpaka nusu, akapitisha kiganja chini yote kuona kama inavuja. Haikuvuja. Akasema, "Kesho asubuhi maji yatakuwa yamejaa."

Kesho yake Saumu aliamka wa kwanza. Alikuwa amekwisha kuvaa laifu jaketi na amekwisha kujipachika kiti cha mbele, kayaki ikiwa bado mchangani, anapiga kafi hewani.

"Saumu," baba akasema, "teremka. Mpishe mama yako."

"Lakini babu, jana ulisema..."

"Teremka, mama."

Akateremka. Baba akanivisha jaketi. Akavuta mkanda wa kushoto, akavuta wa kulia, halafu akasita, mkono hewani, kwa sababu mimi ni mwanamke mzima na yeye ni mtu wa heshima zake. Akanipigapiga begani mara tatu. Nikaingia. Nyonga zangu ziliingia kwa kulazimisha, nisiwadanganye. Kiti kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka, kimechubuka pale pale.

Tukasukumwa na wimbi la kwanza, la pili, kisha maji yakatulia chini yetu. Nilikaza mgongo nikangoja. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja hadithi. Nyuma ya kichwa changu nikasikia mdomo wa baba unafunguka.

"Kulia," alisema. "Kushoto. Kulia. Kushoto. Kulia tena, inavuta."

"Baba, yule mtoto wa kizungu ulikuwa unamwambia nini?"

"Mtoto gani?"

"Mwenye nywele za makumbi. Ulikuwa unazungumza njia nzima."

Akafikiri. "Lefti, raiti," alisema. "Ningemwambia nini kingine? Kizungu chenyewe sina. Kulia."

Nilicheka kwa uchungu hadi kafi likanipotea mkononi kidogo. Na kayaki ikavuta kulia. Ilivuta kweli kweli, kila nikipumzika inageuza pua, na ilinibidi nipige upande wa kulia mara mbili kwa kila moja ya kushoto, mpaka bega likawaka. Moto wa dakika chache, na bado unafanya kazi. Baba hakusema neno juu ya hilo. Alisema tu kulia, na mimi nikapiga kulia.

Tulipofika mbali kidogo niligeuka kutazama nyuma. Saumu alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, peke yake, anatutazama. Hakupunga mkono. Alikuwa ameshika ndoo ya kuoshea. Sura yake niliijua kabla sijaiona vizuri, kwa hiyo sikumtazama usoni. Nilitazama ndoo, kama ina maji.